Ngiri Iliyobeba Kidole Tumbo

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, niko na Dokta Salim, ambaye leo kaja na ngiri.

SALIM: Kaja na ngiri! Watu watanipa pole bure. Nimekuja na habari za ngiri, dada Rehema.

REHEMA: Haya, habari za ngiri. Ile ya kinena wengi wanaijua: kitu cha tumboni kinapenya pale ukuta wa tumbo ulipolegea, kinena kinavimba, na kwa mwanaume uvimbe unaweza kushuka hadi kwenye korodani. Hicho kitu huwa ni nini?

SALIM: Mara nyingi ni utumbo mwembamba au mafuta ya tumboni. Ila katika takriban asilimia 1 ya ngiri za kinena, au pungufu ya hapo, daktari anafungua mfuko wa ngiri anakuta kidole tumbo kimelala humo. Hiyo ndiyo ngiri ya Amyand. Kukikuta kimeshavimba na kutunga usaha ni nadra zaidi.

REHEMA: Amyand ndiye nani?

SALIM: Claudius Amyand, mpasuaji wa London mwenye asili ya Ufaransa, aliyekuwa pia daktari wa Mfalme George wa Pili. Desemba 1735, katika hospitali ya St George's, alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri upande wa kulia na kidonda kilichokuwa kikivuja kinyesi karibu na korodani. Ndani akakuta kidole tumbo kimetobolewa na pini.

REHEMA: Pini? Ilifikaje huko?

SALIM: Mtoto aliimeza. Ikasafiri tumboni hadi ikanasa kwenye kidole tumbo, ikajijengea ganda gumu kama jiwe. Amyand akakifunga kidole tumbo, akakikata, akatengeneza ngiri. Karibu nusu saa nzima.

REHEMA: Na nusu kaputi hakuna.

SALIM: Itoke wapi? Etha, dawa ya usingizi, ilikuja kutumika hadharani mwaka 1846. Mtoto alikuwa macho muda wote. Na alipona! Ndiyo operesheni ya kwanza iliyoandikwa ya kutoa kidole tumbo na mgonjwa akapona. Kuna mwenzake Mfaransa, de Garengeot, ambaye mwaka 1731 alieleza kidole tumbo ndani ya ngiri ya paja. Hiyo ni ngiri nyingine, inapita chini kidogo ya hii.

REHEMA: Sasa mgonjwa wa leo. Anakuja na uvimbe unauma, haurudi ndani. Unajuaje kwamba ni kidole tumbo?

SALIM: Ukweli ni kwamba mara nyingi hujui mpaka umefungua. Mgonjwa anafanana kabisa na mwenye ngiri iliyokabwa. Lakini kuna jambo moja linalochanganya watu. Utumbo ukikabwa, njia inaziba: tumbo linajaa, mtu anatapika, hapati choo wala upepo. Kidole tumbo chenyewe ni tawi la pembeni tu. Kinaweza kukabwa kikaoza, na huku mgonjwa anajamba vizuri na choo anapata.

REHEMA: Kwa hiyo mtu anaambiwa hana tatizo kubwa.

SALIM: Ndipo hatari ilipo. Uvimbe wa kinena unaouma, mgumu, usiorudi ndani, ni wa haraka hata kama choo kinatoka. Wengine hudhaniwa wana korodani iliyojisokota au jipu. Siti skani inaweza kukionyesha kidole tumbo ndani ya mfuko, na ultrasaundi pia ikishikwa na mtu mzoefu. Tena upande wa kulia ndio wa kawaida, kwa sababu kidole tumbo kinakaa kulia. Kushoto kunatokea, mfano kwa mtu ambaye viungo vyake vya ndani vimegeuka upande.

REHEMA: Umefungua, umekikuta. Unakata?

SALIM: Inategemea hali yake. Wapasuaji wengi wanafuata mgawanyo wa Losanoff na Basson, wenye aina 4. Ya kwanza, kidole tumbo ni kizima. Ya pili, kimevimba lakini shari imeishia ndani ya mfuko. Ya tatu, usaha umeingia tumboni au kwenye ukuta wa tumbo. Ya nne, kimevimba na tumboni kuna ugonjwa mwingine wa kushughulikia, uvimbe wa saratani kwa mfano.

REHEMA: Na kinachobadilika ni nini hasa?

SALIM: Wavu. Kwa mtu mzima, ngiri tunaitengeneza kwa kushonea wavu wa plastiki pale palipolegea, ili isirudi. Bakteria wakiingia kwenye nyuzi zake wanajificha, antibayotiki haziwafikii vizuri, kidonda kinavuja miezi na miezi, na mwisho unarudi kuung'oa. Kwa hiyo aina ya pili unatoa kidole tumbo kupitia kinena palepale, halafu unashona misuli ya mgonjwa mwenyewe bila wavu. Ya tatu unafungua tumbo, unasafisha, na wavu usiuguse.

REHEMA: Ila bila wavu ngiri inaweza kurudi.

SALIM: Inaweza. Afadhali ngiri irudi niitengeneze tena baadaye kuliko kumwachia plastiki yenye usaha.

REHEMA: Na kile kizima?

SALIM: Hapo ndipo tunapobishana kwenye vikao. Kuna wanaosema kitoe, hasa kwa kijana, kwani umeshakishikashika na kesho kinaweza kuvimba. Mimi nakirudisha tumboni, naweka wavu. Ukikikata umefungua njia ya vijidudu vya utumbo kwenye operesheni iliyokuwa safi. Na wakati mwingine, ili ufikie shina lake, lazima upanue tundu lilelile ulilokuja kuliziba!

REHEMA: Na watoto? Maana yule wa Amyand alikuwa mtoto.

SALIM: Kwa watoto mjadala ni mfupi. Ngiri yao inatokana na njia iliyotakiwa kujifunga yenyewe lakini ikabaki wazi, kwa hiyo unafunga shingo ya mfuko tu. Wavu hauhusiki.

REHEMA: Swali la mwisho. Mtu ameshonwa kinena, anarudi nyumbani. Aulize nini kabla hajaondoka?

SALIM: Aulize kama kidole tumbo kimetolewa au kimeachwa, na iandikwe kwenye karatasi yake. Kovu liko kinenani, siyo pale panapozoeleka. Miaka 10 baadaye akija na maumivu ya tumbo kulia, daktari anayemwona mara ya kwanza hawezi kujua kwa kutazama kovu.