Mbona sishiki simu za nyumbani

Haya watu wangu wa Nakuru, Lanet, Free Area, Kaptembwa, Njoro mpaka Molo, mko salama? Leo sina video ya theluji wala ya mshahara. Kuna swali linajirudia kwa komenti tangu mwaka jana na nimelikwepa vya kutosha: "Mbona siku hizi hushiki simu, ama umeomoka ukatusahau?" Binamu yangu hata aliandika kwa grupu ya familia ati nimekuwa mzungu. Hiyo iliniuma sana, kwa sababu karo ya mtoto wake ya muhula wa pili ilitoka kwa hii mikono yangu, na yeye anajua.

Jibu ni kwamba nilishikwa na wasiwasi mpaka ukawa ugonjwa, nikaenda tiba ya mazungumzo, therapi. Najua kuna mtu ashaanza kuandika najigamba, na mwingine ataandika ughaibuni umenishinda nirudi. Sijigambi na silalamiki, naeleza tu vile ilikuwa kwangu, yako inaweza kuwa tofauti kabisa.

Baba alifariki nikiwa hapa Leeds, Uingereza, mwezi wa kwanza. Simu iliingia saa kumi alfajiri, huko kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Foni ilikuwa juu ya kiti cha plastiki kando ya kitanda, ikatetemeka ikisogea polepole mpaka ukingoni. Tangu siku hiyo foni ikitetemeka tu, hata kama ni ujumbe wa duka, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, tumbo linakaza. Nikawa naitia kwa droo chini ya soksi. Kichwani najua ni mama anataka kunisalimia, lakini mwili hausikii.

Therapisti alinielezea hivi. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kitu kidogo chenye umbo la lozi kinaitwa amigdala. Kinachunga hatari na kinajifunza haraka, jambo zito likitokea hata mara moja linaweza kutosha. Kikishtuka mapigo yanapanda na pumzi inakuwa fupi, yote hayo kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya nyuma ya paji la uso inayopima mambo kwa utulivu, haijamaliza kusoma jina la anayepiga. Kwangu mtetemo na msiba vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja. Kusikia hivyo nililia, kwa sababu miezi yote hiyo nilidhani nimekuwa mtoto mbaya kwa mama yangu.

Nyumbani niliambiwa jikaze, wewe ni mwanaume. Nikajikaza. Sasa kuna mtafiti wa Marekani anaitwa James Gross, miaka ya 1990 yeye na wenzake walionyesha watu filamu za upasuaji, mkono unakatwa hivi unaona. Walioambiwa wafiche hisia, uso ulitulia kweli, lakini ndani walichukizwa vilevile na mwili ukahangaika zaidi. Walioambiwa waitazame kama mtu anayeangalia ufundi wa kazi, chukizo lilipungua. Kwa hiyo kujikaza kunafunika uso tu, ndani moto unaendelea, na mimi nasema hivyo kama mtu aliyejikaza miezi minane.

Sasa karatasi, hapo ndipo nilitaka kukata tamaa. Huku Uingereza tiba hii inapatikana bure kwa NHS, huduma ya afya ya serikali, na unaweza kujiandikisha mwenyewe, lakini kwanza uwe umesajiliwa kwa daktari wa mtaa. Mimi nilikuja na viza ya masomo, ada ya afya nikalipa pauni 776 kwa mwaka, alafu nafika kwa kliniki naambiwa niletee bili yenye jina langu, na mimi nimekodi chumba kwa nyumba ya mtu, bili nitaitoa wapi? Nilirudi mara tatu. Baadaye ndio nikasoma mwongozo wa NHS wenyewe unasema uthibitisho wa anwani hauhitajiki. Ya kulipia niliona pauni 60 kwa saa moja, hiyo ni kama shilingi elfu kumi, na mwanafunzi anaruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Nikangoja foleni ya bure.

Kwanza wanakupa dodoso la kupima wasiwasi, maswali 7, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla 21, ikipanda ndio wasiwasi mkali. Mimi nilipata 17.

Mkishangaa huko ndani watu hufanya nini, sio kuongea tu. Niliwekewa foni mezani itetemeke makusudi, mimi nisiiguse, niseme hofu iko ngapi kwa mia. Themanini na tano. Nangoja. Sabini. Nangoja, naambiwa nitaje ninachohisi kwa jina, nikasema kwa Kiswahili, roho iko juu juu, yeye akaandika vile nilivyotamka. Kumbe kutaja nako ni dawa, mwaka 2007 mtafiti Lieberman na wenzake kule Los Angeles waliona mtu akiipa hisia jina amigdala inapungua kelele.

Lililonishinda zaidi ni la mama. Kila usiku alikuwa ananiandikia "tuko wazima" ndio nilale. Therapisti akasema hiyo inalisha wasiwasi, kila nikiipata ubongo unajifunza kwamba nimepona leo kwa sababu ya ule ujumbe. Tukaiacha. Mama alikasirika, akauliza ni nani huyo anakataza mzazi kujulia hali mtoto wake, na mpaka leo sijui kama amenisamehe kabisa.

Na hofu haifutwi, mniskize hapo. Ubongo unajifunza somo la pili linakaa kando ya lile la kwanza, na la kwanza linaweza kurudi ukibadilisha mahali au muda ukipita, na hilo la muda mwanasayansi Mrusi Pavlov aliliona kwa mbwa wake zamani. Ndio maana nilifanyishwa zoezi chumbani, kwa basi, hata kazini.

Disemba nilikuja nyumbani. Niko kwa matatu natoka mjini naenda Lanet, foni ikatetemeka kwa mfuko, na vile nilidhani hayo yaliisha, moyo ukaruka kama siku ile. Nikasema kimoyomoyo, roho iko juu juu. Sikuizima. Nikashika kabla haijakatika. Alikuwa mama, anauliza nimefika wapi.