Baada ya Utepe Kukatwa

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi, Mbeya)

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi mafundi mlioketi kule nyuma karibu na mlango kama watu waliojiandaa kutoroka, habari za jioni. Baridi ya Julai ya hapa kwetu haina mchezo, na najua wapo waliokuja kwa sababu wamesikia kuna chai. Chai ipo. Inakuja nikimaliza, kwa hiyo tusaidiane.

Nimeombwa niseme juu ya uendelevu katika elimu ya uhandisi. Neno hili tumeliimba sana. Tangu Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa itoe ripoti yake juu ya maendeleo endelevu mwaka 1987, na zaidi tangu Umoja wa Mataifa upitishe yale malengo 17 ya maendeleo endelevu mwaka 2015, hakuna andiko la kuombea fedha linalotoka ofisini bila neno hilo ukurasa wa kwanza. Sitaanza na maana yake. Naanza na hiki hapa.

Hii ni raba. Ishikeni, mpitishiane, ifike mpaka kwa mafundi. Inaenea kiganjani, na mdomo wake umekunjwa kama kibakuli. Inakaa kwenye pistoni ya pampu ya mkono aina ya Afridev, kule chini kisimani. Ukikandamiza mpini, mdomo ule unabana ukuta wa silinda na kuyapandisha maji. Kazi hiyo inaila raba, hasa maji yakiwa na mchanga, kwa hiyo inatakiwa kubadilishwa kila baada ya mwaka hivi. Waliobuni pampu hiyo miaka ya 1980 waliwaza vizuri: wanakijiji waifungue wenyewe, kwa spana moja, bila kumsubiri mtu wa mjini.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhandisi kijana, tulikabidhi visima kadhaa katika vijiji vya Usangu. Waliotuajiri siwataji. Utepe ulikatwa, ngoma ikapigwa, mbuzi akaliwa, mimi nikapigwa picha nakunywa maji kwa viganja. Picha ninayo mpaka leo. Baada ya miaka minne nikapita tena kijiji kimojawapo kwa shughuli nyingine. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kuku wamejilalia kwenye kivuli chake.

Mweka hazina wa kamati ya maji, mama mtu mzima, alinipokea vizuri. Nikamwamkia, akanipa kiti, akaingia ndani, akatoka na daftari na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na michango ya wananchi, noti zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu. Daftari lilikuwa safi kuliko madaftari mengi niliyosahihisha hapa chuoni. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile raba inauzwa wapi?"

Sikujua.

Walikuwa wamejaribu. Fundi mmoja aliwachongea nyingine kutoka tairi la lori, ikavuta maji kama wiki mbili, ikaacha. Mpira wa tairi ni mgumu na una nyuzi ndani, haujikunji ukabana ukuta wa silinda. Jambo hilo ningeweza kulieleza kwa dakika tano siku ya makabidhiano, kama kuna mtu aliwahi kunifundisha kwamba ni sehemu ya kazi yangu. Na msidhani kile kilikuwa kisima kimoja chenye bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wizara ya Maji ilipovihesabu vituo vya maji vya vijijini, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Kila kimoja kina mhandisi wake aliyefaulu mtihani.

Sasa turudi darasani. Mwaka wa kwanza, kwenye somo la nguvujoto, mwalimu anawaambia mchore mstari wa nukta nukta kuuzunguka mfumo. Kilicho ndani mnakipigia hesabu. Kilicho nje kinaitwa nini? (Sauti: "Mazingira!") Umesikia, Mwenyekiti? Wamejibu wote, bila madesa. Mazingira ndiyo ile sehemu tusiyoipigia hesabu! Mstari ule ni wa lazima, bila huo huwezi kuanza swali. Kasoro ni kwamba miaka minne inapita na hakuna anayemuuliza mwanafunzi kwa nini ameuchora pale na si hatua mia mbili mbele. Halafu mwaka wa mwisho tunamletea somo moja la mazingira, Ijumaa alasiri, wakati nusu ya darasa inawaza bumu limeingia au bado.

Nitawaonyesha mstari huo ulivyotufanyia hapa hapa nyumbani. Mkienda Makambako, mkishapita Igurusi, Chimala, mpaka Igawa, mkono wa kushoto ni bonde la Usangu, mpunga mtupu. Maji yake yanashuka kutoka milima hii ya Uporoto na Kipengere kwa mito kama Kimani na Mbarali, yanaingia kinamasi cha Ihefu, yanatoka kama Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanafika bwawa la umeme la Mtera, kisha la Kidatu. Mtera ina megawati 80, Kidatu 204. Ni maji yale yale, yana wenyewe wengi.

Wazee wa Usangu walikuwa wakijenga mabanio, yaani vizuizi vya kugeuzia maji ya mto kwenda mashambani, kwa magogo, mawe na majani. Masika mto unayabeba, kiangazi yanavuja, mwaka unaofuata wanakusanyana kujenga upya. Mhandisi akiliona banio la namna hiyo anasikitika. Nilisikitika mimi mwenyewe. Kwa hiyo mabanio ya zege yakajengwa, yana mageti ya chuma ya kuzungusha, na ufanisi wa skimu ya umwagiliaji ukapanda kwenye makaratasi. Ila tazameni: lile banio la magogo lilipokuwa linavuja, lilikuwa linamvujia mtu wa upande wa chini wa mto. Uvujaji ule ndio ulikuwa mgao wake. Hakuna aliyeuandika, lakini ulifanya kazi kila kiangazi. Zege halivuji. Mto ukipungua mwezi wa kumi, banio la zege linaweza kuchukua karibu maji yote yaliyobaki, na bado ripoti ya skimu ikaonyesha ufanisi mzuri, kwa sababu mstari wa nukta nukta umeishia getini.

Kuanzia miaka ya 1990, Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ukaanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye vidimbwi vya matope. Sababu ziko nyingi na watu wamegombana sana juu yake: mpunga, ng'ombe, vyanzo vya juu, mvua. Lawama kubwa walibebeshwa wafugaji, wakaondolewa Ihefu mwaka 2006. Sisi wahandisi hatukuondolewa popote. Mwaka huo huo nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na nakumbuka nilikuwa nasahihisha kwa taa ya chemli mtihani wenye swali hili: "Sanifu banio la kuchukua lita 500 kwa sekunde." Swali nilitunga mwenyewe. Lita ngapi zibaki mtoni, sikuuliza.

Kihansi, ule mradi wa umeme wa maji, mnaifahamu. Pale milima ya Udzungwa inaposhukia bonde la Kilombero, maji yanapewa mporomoko wa mita zaidi ya 800 na mtambo wa megawati 180. Kazi nzuri sana ya uhandisi, naisema bila kejeli, na mwaka 2000 ilikuwa inawasha taa. Ila mwaka 1996, ujenzi umeshaanza, watafiti walikuta kwenye manyunyu ya maporomoko yale chura mdogo wa manjano, anayezaa badala ya kutaga mayai, ambaye hajaonekana kokote kwingine duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili. Kwa mhandisi, manyunyu ni maji yaliyokosa turbini. Kwa chura yule, ndiyo nyumba. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, ikabidi wahandisi wapande tena korongoni na mabomba na vinyunyizio, kuigiza kile ambacho maporomoko yalikuwa yakitoa bure. Chura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000. Waliobaki wakaporomoka mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kutoka ughaibuni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, megawati 180 na chura, kweli?" Nikamwambia apige gharama ya kukirekebisha kitu baada ya kukijenga, aniletee. Hajaleta.

Kuna kikwazo kingine ambacho mitaala haikigusi kabisa, nacho ni lugha. Tunawafundisha kwa Kiingereza, mnajibu mtihani kwa Kiingereza, halafu tunawapeleka kukabidhi mradi kwa kamati inayozungumza Kiswahili na Kisafwa, au Kinyakyusa, au Kihehe. Mwaka juzi nilimsimamisha mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mwenye akili, nikamwambia anieleze kwa Kiswahili kwa nini bomba refu la mwisho wa mstari linatoa maji kidogo. Alianza na Darcy, akaenda kwa Weisbach, wenye fomula ya msuguano wa maji bombani, akakwama. Wiki ile ile nilikuwa Tukuyu na fundi bomba ambaye hajakaa darasa la fizikia hata siku moja. Bibi mwenye nyumba alimuuliza swali hilo hilo. Fundi akajibu, "Bibi, maji yanachoka njiani. Bomba likiwa jembamba na safari ndefu, yanafika hoi." Bibi akaelewa, akaagiza bomba la kipenyo kikubwa. Sisemi tuache fomula. Nasema anayejua fomula peke yake amebeba nusu ya mzigo, na nusu aliyoiacha ndiyo ile ambayo mama wa daftari aliihitaji.

Wahadhiri wenzangu, nisiwaseme wanafunzi tu. Darasa lina watu mia mbili, fildi ni wiki chache ambazo wengi wanazimalizia kutoa kopi na kuchemsha chai ofisini kwa watu. Sisi tunapandishwa vyeo kwa makala, hakuna aliyepandishwa kwa kisima kinachotoa maji. Na maabara zetu? Katika chuo kimoja nilichofundisha kulikuwa na mashine nzuri ya kuvuta nondo kupima uimara wake, ya msaada, nayo ilikatiwa utepe vilevile. Kadi yake moja ikaungua umeme uliporudi kwa nguvu, na kwa miaka sita tulifundisha chini ya mabango ya uendelevu ukutani, mashine imefunikwa shuka. Miradi ya mwaka wa nne nayo inaishi dakika ishirini, muda wa kuitetea mbele ya jopo. Jioni inafumuliwa, vihisio vinauzwa kwa mwaka wa tatu.

Miaka hii ya karibuni nimejaribu kitu kidogo. Mradi hausahihishwi siku ya kuutetea. Unakaa mwaka mmoja mahali unapofanyia kazi, Uyole, Iyunga, popote, na alama nusu zinatolewa na mtu anayeutumia. Makundi mawili yameshapata sapu, yaani kurudia mtihani, na wazazi wamenipigia simu. Kundi moja lilifunga pampu ya sola kwenye bustani ya mboga, likafaulu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilipokwenda kukagua nilikuta mwenye bustani amebandika karatasi ukutani, mwandiko wa wanafunzi, kwa Kiswahili: kifaa gani kitaharibika kwanza, bei yake, na duka la Mwanjelwa linalokiuza. Chini wameandika namba ya simu, na ya pili endapo ya kwanza haipatikani.

Nimezidisha dakika, naona Mwenyekiti anaangalia saa. Maswali yaanze na mafundi. Na jamani, raba yangu irudi. Ni hiyo moja tu, na nimeambiwa mpaka niagize Dar es Salaam.