Meza Tuliyopokea kwa Wareno

Mabibi na mabwana, naomba kila mmoja wenu aweke mkono juu ya meza iliyo mbele yake. Neno tunalokiitia chombo hiki asili yake ni kwa Warumi, walioandika *mensa*, ingawa kinywani mwao sauti ya *n* mbele ya *s* ilikuwa imekwisha kufifia tangu zamani. Hata kwenye maandishi ya mawe, cheo cha konsuli (*consul*), yaani mtawala mkuu wa Roma, kilifupishwa kuwa COS, bila *n*. Ndiyo maana Wahispania na Wareno, walioirithi lugha hiyo ya Warumi, Kilatini, kwa mdomo, husema *mesa*, na Waromania *masă*. Waitalia wanayo *mensa* yenye *n* yake kamili, nayo *n* hiyo yatuonyesha kwamba neno lilirudishwa baadaye kutoka vitabuni. Kwao leo ni ukumbi wa kulia chakula wa wanafunzi au wafanyakazi. Meza yenyewe huiita *tavolo*, kutokana na *tabula*, yaani ubao, na *table* ya Wafaransa ina asili hiyo hiyo.

Linalonivutia zaidi ni jinsi maana ilivyohama kutoka kwenye mbao hadi kwenye chakula na walaji. Kwa Mromania, *masă* ni meza na ni mlo pia. Wareno na Wahispania wanalo neno *sobremesa*, lenye herufi zile zile. Ila Mreno akilitaja anakusudia kitu kitamu cha kumalizia mlo, ilhali Mhispania anakusudia mazungumzo marefu ya watu waliokwisha kushiba na ambao hawajataka kuinuka.

Kwetu neno lilikuja na Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498 na ambao walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Ushahidi umo katika sauti moja: katika *mesa*, Mhispania hutamka *s*, Mreno hutamka *z*, nasi tunayo *z*. Wako wanaodhani neno hili lina undugu na kitenzi kumeza, lakini hicho ni cha Kibantu tangu asili.

Nasi tumelikuza. Mreno huita *mesa* jopo linaloongoza mkutano, na sisi tuna meza kuu. Mshereheshaji akitangaza harusini kwamba meza kuu inaingia, ukumbi mzima husimama, na wanaoingia ni bwana na bibi harusi pamoja na wasimamizi wao.