Yaliyofunikwa na Zege: Kusoma Picha za Ujenzi wa Bwawa la Hoover

Ndugu wasikilizaji, ukuta wa bwawa la Hoover kwenye mto Colorado, Marekani, una kimo cha mita 221, na sehemu kubwa ya ufundi uliousimamisha haionekani tena. Imebaki kwenye picha, nyingi zikiwa za Ben Glaha, mpiga picha wa idara ya serikali iliyosimamia kazi ile.

Zege lilianza kumiminwa tarehe 6 Juni 1933, likapandishwa kwa nguzo, yaani vipande vya ukuta vilivyosimama bega kwa bega, tabaka la mita 1.5 juu ya jingine. Zege likiganda hutoa joto, na ukuta mzima ungemiminwa kwa mkupuo ungepasuka. Basi juu ya kila tabaka vikalazwa vibomba vya chuma vya inchi 1, maji ya baridi yakapitishwa ndani, na kazi ilipokwisha vikajazwa saruji. Vyote pamoja ni kilomita 937 hivi. Leo ukitaka kuviona vilivyolala, tafuta picha.

Husemwa pia kwamba kuna vibarua waliozikwa ndani ya zege lile. Tazameni picha za umwagaji: ndoo moja ilibeba kama mita 6 za ujazo, lakini ikishatandazwa ndani ya boksi la kumiminia, zege hupanda sentimita chache tu, na watu wenye mabuti wanalishindilia kwa miguu. Hapo mtu hawezi kuzama asionekane. Uvumi huu unaniudhi, kwa sababu waliokufa kazini walikuwa wengi, na vifo vyao vya kweli ndivyo vinavyostahili kukumbukwa.

Picha isiyo na tarehe je? Chagua nguzo moja, uhesabu mistari ya mlalo inayotenganisha matabaka: mistari kumi ni mita 15. Usihesabu kwa kurukia nguzo ya jirani, maana zilipandishwa kwa kupishana. Ukilinganisha picha mbili za nguzo hiyohiyo, utajua ipi ilitangulia.

Kosa linalorudiwa sana ni kuchapa negativu, yaani filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake, kinyume, kulia kukawa kushoto. Soma maandishi kwenye mitambo. Yasipokuwepo, iinamishe negativu kwenye mwanga: upande uliofifia ndio wenye dawa inayobeba picha, unaong'aa ni mgongo. Negativu za naitreti, aina ya filamu ya zamani, zikianza kunata au kugeuka njano, zitenge na nyingine mara moja, uziweke mahali pa baridi penye hewa. Kamwe usizifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa: mvuke wake huziozesha upesi zaidi, na hushika moto kirahisi.