Kukunja na Kuzungusha: Ulinganifu wa Maumbo

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nimekuja na kanga moja, karatasi na pini.

Itazameni kanga hii: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji. Tuliache jina kwanza. Nikiikunja upande kwa upande, pindo linalala juu ya pindo. Mkunjo huo ndio mhimili wa ulinganifu. Nikiikunja juu kwa chini, napata wa pili. Sasa naikunja kwa kufuata ulalo, yaani mstari unaotoka pembe hii hadi ile inayoikabili. Mnaona masikio mawili yamechomoza? Ulalo wa mstatili si mhimili. Kila mwaka wanafunzi wangu huuchorea mstatili mihimili minne, kwa kuwa ulalo unaugawa katika pembetatu mbili zilizo sawa kabisa. Ni sawa kweli, ila ukikunja hazilaliani. Mwenye minne ni mraba.

Mkilirudisha jina, ulinganifu wote unavunjika: ukikunja, herufi hazikutani; ukigeuza, zinasimama kichwa chini.

Sasa nakata msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazokabiliana ni sambamba. Huu ulioinama, wenye pande ndefu na fupi, kunja utakavyo, haulaliani. Basi tunaandika ubaoni: "hauna ulinganifu." Kosa hili linaniuma, maana mtoto hulibeba miaka mingi. Naichoma pini pale nyalo mbili zinapokatana, nauzungusha nyuzi 180. Umerudi kukaa palepale! Huo ni ulinganifu wa kuzunguka. Herufi S, N na Z zinao. A ina wa kukunja tu. H ina aina zote mbili.

Je, aina hizi mbili zina undugu? Zina, na hapa ndipo ninapopapenda mno. Pindua mraba kwa mhimili mmoja, kisha kwa mwingine unaoukata kwa nyuzi 45. Matokeo yake ni kana kwamba umeuzungusha nyuzi 90, mara mbili ya pembe ile. Katika pembetatu sawa mihimili inakatana kwa nyuzi 60, na pembetatu yenyewe inajirudia ikizungushwa kila nyuzi 120. Kwa hiyo umbo lenye mihimili miwili inayokatana lazima lizunguke. Kinyume chake si lazima. Shahidi ni msambamba wetu.

Haya, chukueni mikasi. Kila mmoja akate umbo linalojirudia mara tatu katika mzunguko mmoja, lakini lisikubali mkunjo hata mmoja. Anzeni na pembetatu sawa, kisha ipeni kila pembe mkia, mikia yote ikipinda kufuata mwelekeo uleule wa kuzunguka.