Kadi ya Bangi ya Tiba Pennsylvania: Kuipata na Kuihuisha kwa Simu ya Video

NEEMA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumzia bangi ya tiba, na tutabaki kwenye jimbo moja tu la Marekani: Pennsylvania. Waswahili wako Pittsburgh, wako Erie, wako Lancaster, na wengi wana mgonjwa nyumbani. Kila jimbo lina sheria zake. Ukifuata maelekezo ya binamu yako aliyeko Florida, utalipa hela na kadi hutaipata.

BARAKA: Florida mara ya kwanza lazima daktari akuone ana kwa ana. Video inaruhusiwa wakati wa kuhuisha tu, tena kwa daktari yule yule aliyekupima. Pennsylvania unaweza kuanza kwa video tangu siku ya kwanza. Wakati wa Uviko waliruhusu kwa muda, halafu Sheria namba 44 ya mwaka 2021 ikaifanya ya kudumu.

NEEMA: Tusahihishe neno moja kwanza, kaka Baraka. Watu wanasema "daktari kaniandikia bangi". Haandiki.

BARAKA: Haandiki, dada. Sheria ya dawa ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi la kwanza, kundi la dawa ambazo daktari hawezi kuziandikia cheti ukapeleke famasi. Kwa hiyo anachofanya ni kuthibitisha kwamba una ugonjwa ulio kwenye orodha ya jimbo. Hiyo ni hati ya uthibitisho. Kadi inatolewa na Idara ya Afya ya jimbo, si daktari na si kampuni ya mtandaoni. Ukiona tovuti inakuuzia "kadi" moja kwa moja, funga.

NEEMA: Na hapo ndipo penye jambo ambalo kampuni nyingi za simu ya video hazikuambii, kwa sababu si kazi yao. Kama wewe si raia wa Marekani, mazungumzo yako ya kwanza yawe na wakili wa uhamiaji. Daktari aje baadaye.

BARAKA: Lieleze vizuri hilo, maana linaumiza watu.

NEEMA: Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo. Unasema kutumia bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake linairuhusu, kwa sababu uhamiaji ni sheria ya serikali kuu. Kadi yako ya Pennsylvania haikukingi pale. Mwenye grini kadi akirudi kutoka Nairobi au Dar, ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kumuuliza kama anatumia. Jibu la "ndiyo, lakini nina kadi" ni kukiri kosa la serikali kuu. Hata anayeomba grini kadi, kwenye uchunguzi wa afya ataulizwa habari za dawa za kulevya.

BARAKA: Wala suluhisho si kudanganya. Uongo mbele ya ofisa wa uhamiaji ni kosa jingine, na mara nyingi ni zito kuliko la kwanza.

NEEMA: Ndiyo maana nasema wakili. Wakili aliyesajiliwa, si yule mtu anayejaza fomu za watu mtaani. Unamuuliza kitu kimoja: kwa hali yangu ya sasa, na kwa maombi ninayotarajia kupeleka, nisubiri au nianze? Kwa wengine jibu litakuwa subiri hadi uapishwe. Inauma mtu anapokuwa na maumivu, lakini afadhali ajue mapema.

BARAKA: Kundi la pili la kutahadhari ni madereva wa malori wenye leseni ya CDL. Sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu tu una kadi. Lakini vipimo vya mkojo vya Idara ya Usafirishaji ni vya serikali kuu, na kadi ya tiba haikubaliki kama sababu. Ukikutwa na THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, umefeli.

NEEMA: Haya. Tuseme wewe ni raia, au wakili amekuambia endelea. Hatua ya kwanza?

BARAKA: Fungua akaunti kwenye rejista ya wagonjwa ya Idara ya Afya. Hapa hulipi chochote. Unahitaji leseni ya udereva ya Pennsylvania au, kwa asiyeendesha, kitambulisho cha PennDOT, ofisi ya jimbo inayotoa leseni na vitambulisho. Pasipoti haitoshi, kitambulisho cha jimbo jingine hakitoshi. Aliyehamia juzi kutoka Ohio aanze PennDOT.

NEEMA: Na hapa ndipo wenzetu wengi wanakwama, kwa sababu ya majina. Rejista inalinganisha ulichoandika na kilichoko PennDOT, herufi kwa herufi.

BARAKA: Herufi kwa herufi. Chukua mtu aliyekuja kama mkimbizi. Kambini aliandikwa jina la baba mwanzo, uwanja wa ndege likageuzwa, PennDOT wakaandika majina mawili yakiwa yameshikana. Yeye anajiandikisha kwa jina analolijua la kwao, mfumo unamkataa. Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo: wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe mosi Januari. Kama ndiyo iliyo kwenye kitambulisho, andika mosi Januari hata kama mama yako anaijua siku yenyewe. Jina lenye ritifaa, kama Ng'ang'a, liandike kama kadi ya PennDOT ilivyoliandika, iwe na ritifaa au bila. Namba ya nyumba pia. Kama kitambulisho kinasema "APT 3", usiandike "#3".

NEEMA: Na barua pepe iwe yako. Mzee anafunguliwa akaunti kwa barua pepe ya kijana wake, kijana anahama, mwaka unaofuata hakuna anayejua nywila.

BARAKA: Ukimaliza unapewa namba ya mgonjwa. Hiyo ndiyo unayompa daktari. Watu wanaanza kwa kulipia miadi ya video, daktari anafungua rejista, hawamo. Uthibitisho haupiti.

NEEMA: Daktari mwenyewe lazima awe ameidhinishwa na jimbo kwa kazi hii. Idara ya Afya ina orodha ya wazi, tafuta jina lake humo kabla ya kulipa. Ada ya daktari ni yako mwenyewe, bima hailipi, na bei zinatofautiana sana. Uliza maswali mawili kwa maandishi: nisipofaa, hela inarudi? Na mna mkalimani wa Kiswahili?

BARAKA: La mkalimani liulizwe unapoweka miadi, sio video ikishafunguka. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri ugonjwa wa mama yake.

NEEMA: Kabisa. Sasa rekodi za hospitali. Orodha ya Pennsylvania ina magonjwa zaidi ya 20: saratani, kifafa, Parkinson, VVU, mfadhaiko unaotokana na kiwewe, matatizo ya wasiwasi yaliyoongezwa mwaka 2019, maumivu makali ya muda mrefu. Na selimundu imo tangu sheria ilipotungwa mwaka 2016. Hilo ni kubwa kwa familia zetu.

BARAKA: Daktari wa video hawezi kukubonyeza tumbo wala mgongo. Anategemea karatasi. Pakia mapema muhtasari wa ziara yako ya karibuni, ukurasa unaotaja ugonjwa kwa jina, na orodha ya dawa zote na miligramu zake. "Naumwa mgongo" si rekodi. Picha ya chupa ya dawa peke yake inasaidia kidogo tu. Na ujue kwamba daktari analazimika kuangalia mfumo wa jimbo unaoonyesha dawa zinazodhibitiwa ulizochukua famasi, kwa hiyo kuficha dawa za maumivu hakusaidii kitu.

NEEMA: Mwambie pia kama una mimba au unanyonyesha, na kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kuugua saikosisi, ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo. Mgonjwa wa kifafa anayetumia klobazamu au valproeti, na anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda, wataje dawa hizo kwa jina. CBD, kemikali nyingine ya bangi, inabadilisha jinsi ini linavyoshughulikia klobazamu na warfarini, na ikichanganywa na valproeti inaweza kudhuru ini lenyewe. Dozi iliyokuwa salama jana inaweza kuzidi. Na mgonjwa wa selimundu asiache dawa yake ya haidroksiurea. Bangi inaweza kugusa maumivu, haizuii seli kujikunja.

BARAKA: Siku ya simu uwe ndani ya Pennsylvania, maana leseni ya daktari ni ya jimbo. Kaa sehemu tulivu yenye mwanga, kitambulisho mkononi. Usipige ukiwa kwenye gari linalotembea.

NEEMA: Akithibitisha, barua pepe inakuja. Unaingia tena kwenye rejista, unalipa dola 50 za jimbo. Wanaopata misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama Medicaid, SNAP au WIC, waombe msaada wa ada kabla ya kulipa. Kadi inaletwa na posta, na bila kadi hiyo mkononi hununui.

BARAKA: Kununua ni kwenye duka wanaloliita "dispensary". Msikilizaji wa Tanzania asifikirie zahanati: hakuna sindano wala kitanda. Ni duka lenye mlinzi mlangoni na mfamasia au mtaalamu mwingine wa tiba wa kushauriana naye. Beba fedha taslimu au kadi ya benki ya kukata moja kwa moja. Kadi ya mkopo kwa kawaida haikubaliki kwa sababu ya sheria za benki za serikali kuu.

NEEMA: Utakuta vidonge, matone, mafuta ya kupaka, na tangu 2018 majani makavu. Lakini majani hayo ni ya kuvukiza kwenye kifaa. Kuyawasha na kuyavuta kama sigara hairuhusiwi, hata ukiwa na kadi. Kupanda nyumbani pia hairuhusiwi, hata mche mmoja.

BARAKA: Tuchukue chupa moja ya matone tuisome. Mililita 30, imeandikwa THC miligramu 300. Gawanya: kila mililita ina miligramu 10. Anayeanza anahitaji kama 2.5, yaani robo ya mililita. Kibomba kikijaa hadi alama ya 1, hiyo ni mara nne ya dozi ya kuanzia.

NEEMA: Na ukimeza, inachukua kati ya dakika 30 na masaa 2 kuanza kufanya kazi. Kosa linalojirudia ni hili: dakika 40 zimepita, mtu anasema haijanishika, anaongeza. Zote mbili zinafika pamoja, moyo unakwenda mbio, hofu inampanda, anapelekwa hospitali usiku. Usiku wa kwanza ni dozi moja tu. Kesho utajua. Na chupa ifungiwe kwenye kisanduku chenye kufuli, watoto wanapenda vitu vyenye ladha ya tunda.

BARAKA: Kuendesha gari, dada, tusilipite. Pennsylvania damu ikikutwa na nanogramu 1 tu ya THC kwa mililita, au ya mabaki yake, unashtakiwa kwa kuendesha ukiwa umelewa. Kadi si utetezi. Na mabaki hayo hukaa mwilini kwa siku nyingi, kwa mtumiaji wa kila siku hata wiki kadhaa, wakati kichwa kimeshatulia zamani. Hii ni sheria ngumu na kwa maoni yangu haimtendei haki mgonjwa, lakini ndiyo iliyopo. Panga nani atakuendesha.

NEEMA: Sasa kuhuisha. Kadi haidumu zaidi ya mwaka mmoja, na daktari anaweza kuandika muda mfupi zaidi, miezi sita kwa mfano. Usitegemee kumbukumbu, soma tarehe iliyochapwa kwenye kadi. Ikipita hata siku moja, duka haliwezi kukuuzia.

BARAKA: Anza wiki sita kabla. Wiki moja ya kupata miadi, siku chache za kutafuta rekodi mpya, kisha posta. Daktari anataka kujua mwaka umekwendaje: unatumia aina gani, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, maumivu yameshuka, dawa gani umeacha au umeongezewa. Liandike kwenye daftari tangu mwanzo. Si lazima mgonjwa arudi kwa daktari yule yule. Yeyote aliye kwenye orodha ya jimbo anaweza.

NEEMA: Na asifungue akaunti mpya. Aingie kwenye ile ile, namba ya mgonjwa ni ile ile. Akaunti mbili za mtu mmoja zinaweza kugongana. Dola 50 zinalipwa tena baada ya daktari kuthibitisha upya.

BARAKA: Na aliyehama nyumba katikati ya mwaka?

NEEMA: Huyo ana mpangilio wake. PennDOT kwanza, ambako sheria inampa siku 15 tangu ahame, na kubadilisha anwani hakulipiwi. Halafu arekebishe kwenye rejista. Ndipo apige simu ya daktari. Akigeuza mpangilio, uthibitisho utapita, atalipa, na kadi mpya itaenda kwenye kisanduku cha barua cha nyumba aliyoihama.