Sukari Iliyomo Kwenye ORS Ina Kazi Gani?

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni. Hii niliyoshika ni pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji akanyweshwa anayeharisha. Hakuna mzazi hapa Moshi asiyeijua. Wengi huambiwa sukari iliyomo ni ya kumpa mtoto nguvu, au ya kupunguza ukali wa chumvi. Hapana. Sukari ina kazi kubwa zaidi.

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Oksijeni hupenya yenyewe, lakini chumvi na sukari haziwezi: hupitishwa na protini zilizopachikwa kwenye utando huo. Katika utumbo mwembamba ipo moja iitwayo SGLT1. Hii hupokea ioni (chembe zenye chaji ya umeme) mbili za sodiamu, iliyo sehemu ya chumvi, pamoja na molekuli moja ya glukosi, yaani ile sukari, ikabadili umbo, ikaziachia ndani ya seli. Maji hufuata. Wazo hilo la kusafiri pamoja lilitolewa na Robert Crane mwaka 1960. Nguvu ya kuendesha kazi yote hutoka kwenye pampu aliyoieleza Jens Skou wa Denmark mwaka 1957: hutoa sodiamu tatu, huingiza potasiamu mbili, bila kuchoka, kwa hiyo ndani ya seli sodiamu huwa chache na ya nje hutaka kuingia.

Sasa tazameni kipindupindu. Sumu yake hulazimisha seli kumwaga kloraidi, sehemu nyingine ya chumvi, na maji yakaifuata utumboni. SGLT1 haiguswi! Mgonjwa anaharisha ndoo nzima, na mlango huo bado uko wazi. Mimi kila nikilifikiria hili nashukuru.

Mwaka 1971, mwaka ule ule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa kwetu, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa Bangaon, India. Kipindupindu kikazuka, dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilikuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kambini kwake vikashuka chini ya 4.

Ndiyo maana nasisitiza vipimo. Lita moja ya ORS ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6. Soda haifai: sukari yake imezidi, huvuta maji kutoka mwilini kwenda utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Kunyonyesha kuendelee.

Mama pale mbele anauliza, je, mtoto akitapika? Ngoja dakika 10, umpe tena polepole, kijiko kimoja kimoja. Lakini ukiona macho yamezama, amelegea au hawezi kunywa, usikae naye nyumbani: mkimbize kituo cha afya, na njiani uendelee kumnywesha kama anaweza kumeza.